Gari liko tayari, Mama bado yuko hai

Jumamosi, masika yamekolea. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana, na Uluguru yote imejifunika wingu, huoni hata nyumba za Bigwa kule chini ya mlima. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu. Nimekuja mjini kujaza mafuta na kununua vidonge, nikaingia kwenye hii kafe ya intaneti kwa sababu nyumbani Mafiga siwezi kuandika mstari mmoja bila dada yangu Fides kuja kuchungulia.

Leo gari langu limefungwa oili kula ya pili.

Kwa asiyejua magari nitaeleza, maana na mimi mwaka jana sikujua. Gari langu ni mtumba wa Japani, fowili ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, la gia otomatiki. Giaboksi ya namna hiyo inafanya kazi kwa oili, na oili ikichemka kupita kiasi giaboksi inaungua. Kwenye lami hupati shida. Lakini ulifungie tela lenye mzigo ulielekeze mlimani, oili inachemka kama uji. Kwa hiyo unafunga kirejeta kingine kidogo mbele ya rejeta kubwa, oili inapita humo, inapigwa na upepo, ndiyo inarudi kwenye giaboksi. Mafundi wanakiita oili kula. Kuna iliyokuja na gari kutoka kiwandani, ila hiyo ni ya kuendea kanisani Jumapili, si ya kuvutia tela kwenye njia ya kwetu huko juu.

Fundi Shomari aliponiuliza navuta nini, nilimwambia kabichi. Mimi ni mfanyabiashara wa mboga, uongo ukakaa vizuri kabisa.

Ukweli nauandika hapa. Nimelitengeneza gari kwa ajili ya msiba wa mama yangu.

Na mama yangu yuko hai.

Yuko hai, anakunywa uji, anasali rozari yake, anagombana na Fides kuhusu chumvi. Ana saratani ya tumbo. Hospitali walituambia kwa upole kwamba wamefika mwisho wao, tumlishe anachotaka, tumpe vidonge vya maumivu, na siku akizidiwa tumrudishe wamtundikie dripu. Fides alitoka pale akaenda kuandikisha misa ya kumwombea apone. Mimi nilitoka nikaenda kutafuta spea.

Sijui ni nani kati yetu mwenye roho mbaya. Nina wasiwasi ni mimi.

Lakini Fides hakuwa pale kwenye kona. Alikuwa kwake Turiani na mtoto mchanga, akafika kijijini tumeshazika. Kwa hiyo ngoja niseme kilichotokea mwaka jana, halafu mtu anihukumu.

Kaka yetu Deo alifia hapa mjini. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake na anazikwa kwenye ardhi ya ukoo huo, kwa hiyo Deo ilikuwa lazima apande mlima. Tulilaza viti vya nyuma, jeneza likaingia kwenye gari langu. Nyuma nikafunga tela, ndani yake maturubai, masufuria, mchele, saruji ya kaburi, na vijana wamekaa juu ya mzigo. Mvua ilikuwa kama hii ya leo. Tulipoanza kupanda nilisikia harufu ya kuungua, nikadhani ni breki za lori la mbele. Mbele kidogo gari likagoma. Injini inanguruma, magurudumu hayaendi.

Akashuka Mjomba Pius. Mjomba ni mdogo wake Mama, ndiye mkubwa wa ukoo, na enzi zile za uhaba na foleni za madukani alikuwa dereva wa lori la ushirika. Akachomoa kijiti cha oili, akanusa, akasema oili imepungua. Akatuma mtu kwenye kibanda cha karibu, ikaletwa oili ya injini, akaimimina yote kwenye giaboksi yangu. Lori lake la zamani lilikuwa linakunywa oili yoyote, miaka ile ukibahatika kupata oili huulizi ni ya kuweka wapi. Nilijua si oili yake. Aliyeniuzia gari alinionya siku ya kwanza. Tulikuwa watu wazima wengi pale na hakuna aliyefungua mdomo, mimi nikiwamo, kwa sababu kwetu kwenye msiba mjomba haambiwi kitu. Yeye ndiye mwenye maiti, na yeye ndiye mwenye kaburi.

Gari likasogea mpaka kwenye kona ya juu ya kijito, likafa moja kwa moja.

Wanaume wakalishusha jeneza wakalitia begani. Udongo ule ukilowa unateleza kama bamia. Pale pale kwenye kona mmoja wa mbele akaenda na goti, jeneza likashuka, likapiga jiwe, kifuniko kikafunguka upande. Mama alikuwa nyuma yao anatembea na fimbo yake. Aliuona mkono wa suti ya Deo. Ile suti aliichagua mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alivua kanga ya begani akaufunika ule upande, wakabeba wakaendelea. Usiku wa matanga, tukiwa tumekaa wawili jikoni, ndipo aliposema, tena mara moja tu: "Yusta, mimi msije mkanidondosha."

Ndiyo maana nilienda kutafuta spea.

Siku hizi hakuna kisichopatikana. Tangu ije ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, kila kitu kimejaa madukani. Giaboksi nyingine ya mtumba nililetewa kutoka Dar, na oili kula niliipata kwa Bwana Karim, duka lake la spea limejaa mpaka wateja tunasimama barazani. Alinichagulia kubwa, ya kutoka kwenye gari la mizigo, akanifungia kwenye gazeti kama nyama. Akaniuliza biashara inaendaje. Nikasema inaendelea kukua. Nilivyotoka pale nilijiona mchafu.

Fides aligundua juzi alipoiona saruji stoo. Nilikuwa nimemwambia muuzaji ni ya kujengea choo, na Fides nikataka kumwambia hivyo hivyo, lakini dada yako ni dada yako. Alijua ni ya nini, akasema, "Unamchuria Mama." Hakuna neno baya zaidi ya hilo. Kumtengenezea msiba mtu anayepumua ni kuita kifo kije mlangoni, na mimi nilikuwa nimeshakiitia na usafiri. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa sababu Mama anasikiliza.

Basi leo asubuhi Shomari akamaliza kazi. Kirejeta kimekaa vizuri, paipu zimepita mbali na feni, klipu amekaza mwenyewe mara mbili. Akasema dada, haya mambo hayajaribiwi na tela tupu, weka mzigo wako wa kweli. Nikamwambia afunge tela tupitie nyumbani. Alipoona ninachopakia akasimama, taulo lake la oili mkononi.

"Kabichi zenyewe ndiyo hizi, dada?"

Akabeba mfuko wa saruji, akauweka kwenye tela, akarudi kubeba mwingine. Baadaye sana, tukiwa tumeshapita Bigwa tunaanza kupanda, ndiyo akaniuliza taratibu, "Mama anaendeleaje?" Mafiga ni Mafiga, nilikuwa namficha nani? Nikamwambia hajambo kidogo. Akasema Mungu atamsaidia, na kuanzia hapo hakunitania tena, ingawa Shomari ni mtu wa kutania hata wateja wanaomdai gari lao.

Tulipanda mpaka kipande kile kikali. Akaniambia nisimamishe, akashuka, akashika paipu. Ya kuingilia ilikuwa inaunguza, ya kurudia vuguvugu tu. Akachomoa kijiti akanionyesha oili: nyekundu, safi, haina harufu. Akasema hili sasa unaweza kuvutia nyumba.

Hapo ndipo nilipopatwa na jambo ninaloona aibu kuliandika. Nilikuwa nimeshika usukani, natazama mlima, najumlisha mzigo. Saruji, masufuria, mchele, watu wa kukaa nyuma, jeneza. Nikajikuta nampima Mama. Nikasema moyoni, amekonda sana, hatazidi gunia la mchele, tutapanda vizuri. Nikafurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi kweli kwamba mama yangu amekonda.

Nikafungua mlango nikatapika kando ya barabara. Shomari alidhani ni njaa.

Tuliporudi nyumbani Mama alikuwa kibarazani, Fides amemtoa apate hewa baada ya mvua kukatika. Amejifunga kanga mbili na sweta la Deo. Shomari akamwamkia, akafunika tela kwa turubai, akaaga haraka. Nikaenda nikapiga goti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umebadilisha nini hapo mbele ya gari?"

Macho yake bado ni ya mtu aliyekulia mlimani. Nikaanza habari za kabichi. Akainua mkono kunikatisha.

"Yusta, mwezi huu kabichi zinaoza shambani. Nani atakupa tela la kabichi?" Akalitazama gari tena. "Hilo ni la kunipandishia mimi. Na huko nyuma ni saruji, nimeiona anaifunika."

Fides alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Nilisikia kijiko kikigonga bakuli. Mimi nilikuwa natazama miguu ya Mama, imevimba, viatu havimwingii tena. Nilitaka kusema Mama nisamehe.

Mama akasema, "Sasa unangoja nini?"

Nikainua uso. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa kama siku anazonituma sokoni na mimi nazubaa.

"Maiti haioni njia," akasema. "Mimi nataka kuiona. Niweke mbele, hapo ulipozoea kumweka Deo alipokuwa hai, nitazame mashamba mpaka kwa kaka yako Pius." Pius ni mjomba wangu, lakini siku hizi Mama anachanganya. Kisha akasema lile ambalo sikulifikiria siku zote hizi nilizozunguka na mafundi. "Nikifia huko huko juu, nani atanibeba begani kunipandisha?"

Fides akaweka bakuli chini akaja kupiga magoti upande wa pili. Alikuwa analia wazi. Akasema huko juu hakuna daktari, akizidiwa kwa mvua hizi hatutamshusha, vidonge vikiisha atalia na sisi tunamwangalia. Akanigeukia akasema, "Ukimpandisha, wewe ndiye umemuua." Na ninachoshindwa kujitetea nacho ni kwamba hakusema uongo. Hapa Mafiga dripu ipo karibu. Pengine hapa angeona na sikukuu ya Pasaka. Huko juu sidhani.

Nilimwambia Mama, tungoje mvua zipungue. Nilimwambia barabara ni mbaya. Kila nililosema alikuwa anatazama gari, na mimi mwenyewe ndiye niliyelitengeneza mpaka barabara mbaya si sababu tena.

"Msigombane," akasema. "Fides, niletee uji wangu kabla haujapoa." Akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Nikainuka nikasema basi ngoja nikashushe saruji ile, ili tela libebe godoro lake na vyombo vyake. Sikutaka apande mlima akivuta kaburi lake mwenyewe.

"Iache," akasema. "Mnataka kupanda mara mbili?"

Nimeiacha. Godoro litakaa juu yake.

Nimempigia Mjomba simu. Akasema atasafisha chumba cha dada yake na kuwaambia watu wa ukoo. Aliuliza kama gari ni zima. Nikamwambia ni zima, na nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba safari hii oili hagusi mtu. Akasema, "Sawa, mama." Mjomba hajawahi kuniita mama, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzee sana.

Mafuta nimejaza. Vidonge ninavyo kwenye mkoba hapa, vingi kuliko nilivyowahi kununua. Fides amesema atakuja, atakaa nyuma amshikilie Mama mabega kwenye mashimo. Hatujapatana. Anakuja tu.

Kesho baada ya misa ya kwanza tunaondoka. Mwaka jana kwenye ile kona niliomba Mungu gari lisisimame, likasimama. Kesho najua nitaomba lisimame, popote pale, hata hapo Bigwa, nipate sababu ya kugeuza na kumrudisha nyumbani. Na halitasimama, kwa sababu nimelitengeneza vizuri.