Karatasi ya Ini la Makarius

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ijayo, maana siku hiyo tunalijengea kaburi la mume wangu Makarius hapa Vidunda, na mimi ndiye ninayechelewesha.

Mume wangu alifariki Julai 2021, tulimshusha kutoka huku mlimani hadi hospitalini akiwa hapumui vizuri, wakati ule wengi tulisema ni changamoto ya upumuaji, lakini daktari alisema wazi ni Korona, wakamlaza na kumwekea oksijeni, na siku ya tatu daktari akaniambia, "Mama, vipimo vyake vya ini vimepanda sana, tutamwangalia kwa karibu zaidi," nami nikaitika tu, sikuuliza ini linaingiaje kwenye ugonjwa wa kifua, na siku ya tano mume wangu akaondoka. Karatasi ya majibu nilirudi nayo nikaihifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Kuisoma sikujua, niliitunza kwa sababu ina jina lake.

Mwezi uliopita shemeji yangu Melkizedek, mwenye duka la dawa kule Mikumi, alikuja kupanga habari za saruji, akafungua kile kitabu, akaiona karatasi, akacheka.

"Shemeji, ini halipandi bure. Kaka alikuwa anapiga pombe ya komoni kimyakimya. Miaka kumi na tisa kitanda kimoja, pua yako ilikuwa likizo?"

Nikamwambia Makarius alimwahidi mama yake siku ya kipaimara kwamba hataonja pombe, kwa kuwa pombe ndiyo iliyommaliza baba yao.

"Ahadi ni ya mdomo," akasema. "Ini haliongopi."

Tangu siku hiyo namchunguza marehemu kama mwizi, nakumbuka pipi za kifua mfukoni mwake nasema kumbe zilikuwa za kuficha harufu, nakumbuka siku alizochelewa kurudi kutoka gulioni, kile kijiji cha Ulaya, akifika ananipa andazi limefungwa kwa karatasi ya daftari, nusu ameshalila njiani, zamani nilicheka na sasa hata lile andazi nalitilia shaka. Na huyu ni mtu ambaye hata togwa iliyolala ikaanza kuchacha alikuwa hainywi, anainusa kwanza, anasema, "Hii imeshabadilika, wape wageni." Vazi lake la kwaya nimelirudisha kanisani kwa hasira.

Mama mkwe anataka fundi aandike kwenye saruji mbichi: ALITUNZA AHADI. Jana kaniuliza, "Fausta mwanangu, kaburi la Makarius linasubiri nini?" Nikamjibu tunasubiri mchanga. Mchanga upo, mshauri. Je, niyaache maneno hayo yaandikwe, au nitakuwa nimeweka uongo juu ya kaburi?

Fausta, Vidunda

*

Marahaba, Fausta. Pole sana, mama. Sasa vumilia nikukaripie kidogo, maana umemfukua mumeo kabla hata hamjamjengea.

Daktari aliyekuwa mbele ya kitanda alikwambia vipimo vimepanda na kwamba watamwangalia kwa karibu. Hakutaja pombe. Aliyetaja pombe ni muuza dawa, miaka kadhaa baadaye, akiwa amekuja kwa habari za saruji. Ukamsadiki huyo!

Nimemuuliza daktari wa wodini. Anasema wagonjwa wengi wa Korona waliolazwa vipimo vyao hivyo vilipanda, wakiwemo wasioijua pombe. Ugonjwa wenyewe unaweza kuvipandisha, hewa ikipungua mwilini vinaweza kupanda, hata baadhi ya dawa huvipandisha. Madaktari walivitazama kwa sababu vikipanda sana mara nyingi huonya kwamba mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi, ingawa wapo ambao vilipanda na wakapona. Lile lilikuwa onyo la siku zile tano, Fausta. Wewe umelifanya hukumu ya miaka kumi na tisa.

Sitakudanganya kwamba karatasi inamtetea. Karatasi hiyo peke yake haiwezi kumshitaki wala kumtetea. Shahidi ni wewe, na ushahidi umeuandika mwenyewe halafu ukaupita mbio: mtu aliyenusa togwa iliyolala akaikataa nyumbani kwake, mbele ya mkewe tu. Na pipi za kifua, mama! Mwanakwaya asipokuwa na pipi mfukoni, nani awe nazo?

Ichukue karatasi uende nayo hospitalini, kwa daktari, siyo dukani, akusomee mstari kwa mstari. Melkizedek aende nawe na asikie kwa masikio yake. Akikataa, mwambie anyamaze, hasa mbele ya mama yake. Bibi huyo usimpelekee habari ambayo haina mwenyewe. Vazi la kwaya kalichukue kesho.

Jumamosi asubuhi pika togwa, iwe ya siku hiyohiyo. Saruji ikishamwagwa, mwombe fundi msumari, uyaandike maneno yale kwa mkono wako.