Chafya Niliyoikata

Bwenini, ghorofa ya juu

Dada mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu. Natumaini maumivu ya mgongo yamepungua, na kwamba msimamizi wenu amekubali hatimaye kuwaletea viti, maana kupiga pasi mashuka ya hospitali nzima mkiwa mmesimama ni jambo ambalo ningeliandikia waraka mkali kama ungeniruhusu. Mimi kiafya ni mzima. Nasema kiafya kwa makusudi.

Ujumbe wako nimeupata. Umenieleza jinsi mlivyoitazama ile video katikati ya mvuke wa pasi, simu ikipita mkono kwa mkono, na jinsi yule mama mnayemwita Komando alivyosema kwamba angekuwa na mdogo kama mimi angetembea kidevu juu hata akienda msalani. Umesema ulijibu kwa majivuno kuwa mimi ni wa tumbo moja na wewe. Niliposoma hapo niliigeuza simu kifudifudi. Ni kwa sababu ya jibu lako hilo nakuandikia, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujamwonesha mtu.

Unakumbuka kwamba video ile ilitoka katika mkutano wa chama chetu cha wanafunzi kuhusu ruhusa za dharura. Tuliwaalika wakubwa wote wa utawala waje wasikilize malalamiko yetu na kuyajibu baadaye kwa maandishi. Aliyekuja ni mmoja tu, Mlezi wa wanafunzi. Aliketi peke yake meza kuu kati ya viti vitupu. Simu tuliielekeza kwake, ili sura ya utawala ionekane ikisikia, na kwa kuwa simu hiyo hainasi sauti, imeharibika, sauti tuliinasa kwa laptop ile aliyoniachia shemeji, niliyoiweka karibu na kipaza sauti nyuma ya simu. Kwa hiyo msemaji alisikika bila kuonekana, na Mlezi alionekana bila kusema neno.

Aliyezungumza kwa uchungu kuliko wote ni binti wa mwaka wa pili. Alisimulia jinsi alivyonyimwa ruhusa ya kwenda kumuuguza mama yake, na jinsi mama alivyofariki yeye akiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Nilipoketi kuunganisha picha na sauti, nilihitaji alama moja inayoonekana na kusikika pia. Nikachagua makofi. Wewe hujui desturi ya chama chetu: kila msemaji anapokaribishwa tunapiga makofi matatu ya pamoja, na mgeni hupiga nasi. Nikachukua makofi ya kwanza ya kwenye picha, nikayalaza juu ya makofi ya kwanza ya kwenye sauti, nikatazama. Dada, pale binti anaposema mama yake alifariki, Mlezi alikuwa anacheka, meno yote nje, bega likitikisika. Damu ilinichemka. Nikajiona nimeushika utawala mzima kwa ukosi.

Hata hivyo makofi yaliyofuata hayakwenda pamoja. Mikono iligongana kimya, na mlio ukaja mahali pengine. Nikailaumu laptop. Niliizima na kuiwasha, nikafunga programu zote nyingine, nikaacha spika za masikioni zisizo na waya, maana hizo huchelewesha sauti, nikachomeka zenye waya. Haikusaidia. Nikahamishia faili kwenye mashine ya mwenzangu wa chumbani, mpya kabisa, na kasoro ikahamia huko huko. Mwenzangu, ambaye anasomea uhandisi na hapendi maneno mengi, aliniambia kuwa mashine haina kosa, ila sauti nimeibandika pasipo pake. Nilimkejeli kwamba utawala umemlipa chai ya jioni. Akasema haya, kiongozi, sisi wengine acha tulale, akageukia ukutani.

Yaliyofuata unayajua. Kipande kile kilioneshwa kwenye mkutano mkuu. Nilipanda juu ya meza, nikauliza ni taasisi gani hii inayocheka juu ya maiti za mama zetu, na ukumbi ukanguruma. Mlezi akasimamishwa kazi. Alitoka ofisini amebeba birika lake na mto wa kiti, wanafunzi wakimzomea hadi getini, na sauti iliyoongoza zomea-zomea ilikuwa yangu. Wiki hii baraza la chuo linaamua kama atafukuzwa.

Sasa ninalotaka kukwambia.

Kabla ya mkutano mkuu niliirudia video yote peke yangu. Katikati ya maneno ya binti ilisikika chafya kubwa, na binti, pamoja na majonzi yake, akasita na kusema, pole, Mlezi. Nikatazama picha: Mlezi ametulia, hana habari. Nikaiacha iendelee hadi nilipomwona akichomoa leso na kupiga chafya bila mlio. Nikaelewa papo hapo. Kinasa sauti nilikiwasha kwa kuchelewa. Makofi ya kwanza kabisa, ya kunikaribisha mimi nifungue mkutano, hayamo katika sauti, wala haumo mzaha nilioutoa mara baada yake. Kile kicheko, Dada, kilikuwa cha mzaha wangu. Nilikuwa nimemchekesha mwenyewe.

Nikasogeza sauti hadi chafya ikaangukia kwenye leso. Kila kitu kikakaa sawa. Binti anaposema mama alifariki, Mlezi anavua miwani, anainamisha kichwa, na hakiinui mpaka binti anapomaliza.

Nilikuwa na ukweli mkononi, mimi ninayeuhubiri kila Ijumaa kwenye mikutano ya chama. Nikarudisha sauti palepale pa uongo, na chafya pamoja na ile pole nikazikata.

Lipo baya zaidi. Baada ya mkutano mkuu binti alinifuata kwenye ngazi. Aliniuliza kama kweli Mlezi alicheka, kwa sababu yeye alikuwa akimtazama usoni na alidhani amemwona akiinama. Nilimwambia kwamba machozi yalimziba macho. Akaniamini. Akaomba radhi kwa kunitilia shaka.

Leo asubuhi nimepeleka faili zote mbili, nzima, mbele ya baraza, pamoja na maelezo ya nilichokata. Wenzangu wa kamati wameniita msaliti. Mmoja ameuliza kama Mlezi ameshaniahidi binti yake nimuoe. Nimewajibu kwamba ruhusa za dharura bado ni dhuluma na nitazipigania, wakacheka kwa dharau. Sina haki ya kukasirika.

Kisha nilimtafuta binti maktaba nikamwonesha. Aliomba nirudie pale Mlezi anapoinama. Nikarudia. Nilipoanza kumwomba msamaha alinikatiza, akasema msamaha wa pembeni hautaki. Alitaka niliyoyasema juu ya meza niyafute juu ya meza, na hiyo chafya waisikie wote. Mkutano umeitishwa saa kumi leo. Naingia nikishaituma barua hii. Huenda nikafukuzwa chuo, na nikifukuzwa nitakuja kwako nikiwa na begi langu, kama utanifungulia.

Ombi langu ni moja. Waambie wenzako wa pasi, na hasa Komando, kwamba yule mzee hakucheka. Usinitetee, wala usiseme ni ujana. Sema mdogo wako alijua.

Baba nitamwambia mwenyewe. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto kwa niaba yangu, na ujipumzishe mgongo hata kama viti havijaja.

Ni mimi mdogo wako, kwa aibu na upendo,

Wakili, kama mnavyoniita nyumbani