Mkono Aliomnyima Daktari

Jumatano. Jua kali, umeme umekatika tangu asubuhi, na mimi nimenuna.

Nimetoka kumpeleka mama hospitali. Figo zake zinazidi kuchoka, hilo tumeshalizoea: anapimwa damu, anapimwa mkojo, tunapewa vidonge, tunarudi. Leo tumemkuta daktari mpya, kijana, akasema kipimo cha damu peke yake hakimtoshi. Anataka kujua mama ana nguvu kiasi gani, maana ugonjwa huu humla mtu misuli polepole, na mama anaishi peke yake Temeke. Akianguka uani, nani atamwinua?

Akamwambia atembee hadi mlangoni. Mama akajikokota. Nikasema ni viatu vipya. Akamwambia ainuke kitini bila kushika popote. Nikamdaka kiwiko kabla hajajaribu. Ndivyo tulivyolelewa, mzazi hainuki mwenyewe mwanawe yupo. Daktari akaguna. Mwisho akamnyooshea mkono, akamwomba aubane kwa nguvu zake zote.

Mama akaficha mkono ndani ya baibui. "Mie simshiki mkono mwanamume asiye wangu, babangu."

Hapo nikawaka. Nikamwambia yule kijana kwamba mama yangu si nazi ya sokoni ya kutikiswatikiswa. Benchi zima la wagonjwa pale mlangoni likageuka kutuangalia. Yeye akasema tu turudi kesho, atamtafuta nesi wa kike. Nikatoka kifua mbele.

Njia nzima nikawa nalalamika. Vijana wa siku hizi, hospitali za siku hizi! Mama mikono kaificha bado ndani ya baibui.

Tulipofika kwake akanipa chupa ya vidonge nimfungulie. Kifuniko kimekaza, akasema. Nilikigusa tu, kikafunguka.

Nikakaa naye mkekani, nikampa mkono wangu. Mimi ni bintiye, hapa hana kisingizio.

"Haya mama, bana."

Nikasubiri. Vidole vyake vimelala juu ya vyangu. Nikamwambia tena abane, asinionee huruma.

"Si nishabana, mwanangu."

Nina hasira mpaka sasa, wala si na daktari tena. Yeye kamwona mara moja tu. Mimi namwinua mama kila Ijumaa nikija kumtembelea, na nikadhani ni heshima tu.

Kesho tunarudi. Nitanyamaza, na mikono yangu nitaikalia, mama ainuke mwenyewe.

Na akishindwa, nitaweza kutazama?