Naswa, Risasi Zako Zimepatikana

Mwaka umetimia, Naswa, tangu tukuzike, na watu wako wamekaa sebuleni wanagombania koti.

"Mama Naswa, lete koti langu, tusiharibu siku ya maombi," anasema baba mkubwa wako Wabwire. Amesimama katikati ya viti tulivyoazima kanisani, mkono ameunyoosha kama mtu anayedai chenji.

"Shemeji, kaa," mama yako anamwambia.

"Nimekaa mwaka mzima. Nguo ni yangu."

"Na hizi ni za nani?"

Mezani, kando ya picha yako, mama yako ameweka kitambaa cha kijani kilichofungwa kwa uzi. Tutakuambia kilichomo. Lakini kwanza tukukumbuke inavyostahili, maana tangazo hili la kumbukumbu yako lilikuwa limeshaandikwa kabla ya leo asubuhi, na yale mazuri bado ni kweli.

Ulikuwa mpole, na ulikuwa mzito kuliko wote tuliowahi kuishi nao. Chai yako ilipoa kila siku. Ulichelewa hata kwenye harusi yako mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na kitako cha bunduki umekipaka mafuta na hukutaka kukiacha kabla mbao haijanywa. Mkeo Lornah alikungoja mlangoni mwa kanisa akiwa amenuna, nawe ukaja na kucha nyeusi na tabasamu. Alikusamehe kabla hujafika ngazi ya juu. Mama yako hakukusamehe mpaka jioni.

Hukuwahi kumpigia mtu kelele. Mwanao Brandon alipovunja miwani yako ya kazi, ulimkalisha magotini ukamwonyesha jinsi ya kuifunga kwa waya.

Ulifanya kazi kwa Walter, mwenye leseni ya kuuza na kutengeneza bunduki hapa Kisumu. Mafundi wengine pale walishughulika na vyuma. Wewe ulikuwa wa kuifanya bunduki imkae mwenyewe. Ulisema bunduki ni kama kiatu, ya mtu mwingine lazima ikuumize. Nyumbani ulitupima sote kwa mpini wa ufagio, kutoka kiwiko mpaka kidole.

"Mimi siendi vitani," mama yako alikuambia. "Nipishe nipike."

Ukampima hata hivyo, ukasema ana mkono mfupi na hasira ndefu. Hilo alikuwa akiwasimulia majirani mpaka wakamchoka.

Kisha ikaja bunduki ya baba mkubwa.

Alipostaafu aliinunua kwa mkulima mzee wa Kitale. Ilikuwa ya zamani, ya kuwindia nyati, yenye mtutu unaoweza kumeza kidole cha mtoto, na chini ya kifyatulio kuna mkono wa chuma unaoushusha na kuupandisha kila ukitaka kupiga tena. Leseni alikuwa nayo. Nyati hakuwa naye, na kuwinda katika nchi hii kulipigwa marufuku kabla hujazaliwa.

"Shemeji, utawinda nini?" mama yako alimwuliza. "Kuku wa Dorca?"

Mkewe Dorca ndiye peke yake aliyecheka.

Wewe hukuuliza ya nini. Ulimpima. Ulimwambia afumbe macho, ainue bunduki begani, kisha ayafumbue. Akiyafumbua na ule ushanga wa kulengea ukawa umekaa mbele ya jicho lake bila yeye kuinamisha shingo, basi imemkaa. Haukukaa. Baba mkubwa ana kifua kinene na shingo fupi, na yule mkulima alikuwa mrefu kama mlingoti. Ukakikata kitako. Ukamwambia afumbe macho tena. Ukapunguza mbao pale shavu linapolala, ukaweka mpira nyuma ili bega lisipondeke, ukamshonea mkanda wa ngozi wa kubebea, ukauvika na ule mkono wa chuma ngozi laini kwa sababu alilalamika kwamba unamchubua vidole. Ushanga wa mbele ukaubadilisha ukaweka mweupe, maana macho yake si ya kijana, ingawa hilo hukumwambia. Kitako ulikuja nacho nyumbani jioni, ukakisugua mafuta kwa kiganja mpaka nyumba nzima ikanuka karakana. Mbao ile iling'aa kama maji ya ziwa asubuhi. Hatujawahi kuona kazi nzuri kama ile, na tunaichukia.

Jambo moja tu ulimkazania, na ulimwambia hapa hapa mezani, sote tukisikia.

"Baba mkubwa, risasi za bunduki hii hulala kwa foleni ndani ya mrija ulio chini ya mtutu. Pua ya moja inagusa makalio ya nyingine, na makalioni ndiko kuna kitufe kinachowasha baruti. Ukitia risasi yenye pua kali, bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, pua inagonga kitufe kama msumari. Ndiyo maana hizi ni bapa."

"Zinafanana na vipande vya chaki," alisema.

"Ndivyo zinavyotakiwa kufanana."

Ukazifunga kwenye kitambaa chako cha kijani cha kupangusia mafuta, ukakaza kwa uzi wa nta unaoshonea mikanda, na fundo lako lile ambalo Lornah hufungua kwa meno. Ukampa mkononi.

Jumamosi ile, uwanja wa shabaha kule upande wa Kombewa, wageni walikuwa wengi. Mchungaji aliombwa aiombee bunduki, naye kwa busara akawaombea wageni. Baba mkubwa aliijaza mwenyewe, mgongo ameupa watu. Mna desturi katika karakana ya Walter kwamba fundi ndiye hupiga kwanza, kabla ya mwenye mali, ili kama kuna kosa limpate aliyelifanya. Ukapokea bunduki. Ukaanza kuushusha ule mkono wa chuma ili uzitoe risasi zote uzitazame, kama unavyofanya kwa kila mtu.

"Unanipekua mbele ya wageni wangu?" alikuuliza. "Mimi ni mwizi?"

Dada yako Bridget alikuwa nyuma yako ameshika chupa ya maji. Alikusikia ukijibu, "Samahani, baba mkubwa." Ukaacha kupekua. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho, Naswa. Ulimwomba msamaha yeye.

Ulipopiga, mrija ulipasuka mkononi mwako na kipande cha chuma kikakuingia shingoni. Gari lilikuwa bado halijafika lami ulipotuacha. Baba mkubwa alivua koti lake akakufunika, na mwaka huu mzima tumesikia watu wakilisifu koti lile kuliko walivyokusifu wewe. Risasi zilizokuwa kwenye mrija ziliharibika zote, na hakuna aliyeweza kusema zilikuwa na pua gani. Yeye aliapa kwamba alitia zile ulizompa.

Siku ya mazishi alisimama kama mkubwa wa boma, akashika kipaza sauti. "Kijana alikuwa na mikono mizuri," alisema, "lakini mrija aliukaza vibaya. Mungu amsamehe." Watu wakaitikia amina.

Amina ile imetutafuna. Wenye bunduki ulizowatengenezea walizirudisha zikaguliwe upya. Walter aliondoa jina lako kwenye ubao wa mlangoni, akatuambia, "Mama, sina la kufanya, wateja wanaogopa." Shuleni Brandon aliambiwa kwamba baba yake alijilipua kwa kazi mbovu. Alirudi akauliza kama ni kweli, na hatukuwa na cha kumjibu zaidi ya hapana, nayo hapana ya mama na bibi haina nguvu kiwanjani.

Na bunduki? Baba mkubwa aliporudishiwa na polisi aliipeleka kwa fundi mwingine ikawekwe mrija mpya. Alikuja hapa kulalamika kwamba fundi huyo ameshindwa kulitoa doa kwenye mbao. Alikunywa chai yetu akilisema hilo.

Koti lilibaki kwetu. Lornah alikataa lifuliwe wala liguswe, tukalitia guniani tukaliweka juu ya kabati. Baba mkubwa aliliulizia Krismasi, akaliulizia Pasaka, akaliulizia mvua zilipoanza. Tulidhani ni uchoyo. Leo alfajiri mama yako akasema yatosha, nguo ya watu irudi ikiwa safi, akalishusha na kuweka maji kwenye karai. Mama yako hajawahi kufua nguo ya mtu bila kupekua mifuko.

Kitambaa cha kijani. Uzi wa nta. Fundo halijafunguliwa.

Sasa turudi sebuleni.

"Zimefikaje kwenye koti lako?" mama yako anauliza.

"Nilisahau."

"Ulisahau kuzitia, au ulisahau kuzitoa?"

Baba mkubwa anatazama mlango. Bridget amekaa mlangoni, na ni mpana kama marehemu baba yenu Wechuli.

"Mama Naswa, wewe hujui bunduki."

"Najua fundo. Lornah, hili ni la nani?"

Lornah analigusa kwa kidole tu. "Ni lake."

"Haya, shemeji. Bunduki ilipiga risasi gani?"

Hapo ndipo alipopandisha sauti, na aliyoyasema tumeyasikia sote, hata wale waliokuwa jikoni wakikaanga mandazi. "Mlitaka nitie vile vipande vya chaki mbele ya watu? Bunduki ya nyati! Wageni wameshika simu wanapiga picha! Rafiki yangu alinipa zake, za bunduki ya kutia risasi moja moja. Unene ni uleule. Zilikuwa kali, zilikuwa nzuri."

"Nzuri," Lornah akasema. Ni neno moja tu, lakini Dorca alijifunika uso kwa leso.

"Kijana angeniambia zaidi, ningesikia."

"Alianza kuzitoa," Bridget akasema. "Ulimwita nini vile?"

Baba mkubwa akakaa. Akapanguza paji la uso. Kisha akaanza ile sauti ya vikao, ya chini, ya mkubwa. "Sikilizeni. Kilichotokea kimetokea. Mimi ndiye mkubwa wa boma hili. Tulimalize humu ndani kama familia."

"Kaburini hukusema humu ndani," mama yako akamjibu. "Ulitumia kipaza sauti."

"Basi unataka nini?"

"Nataka lisemwe nje, kama ulivyosema nje."

Naswa, mama yako haongei jambo kisha akalala nalo. Amepiga simu kituo cha polisi papo hapo, akaeleza ameshika nini, amekipata wapi na kwenye nguo ya nani. Askari wako njiani, na kitambaa hakifunguliwi mpaka wakione kilivyofungwa. Kisha amempigia Walter, sauti ikisikika nyumba nzima. Walter akaanza, "Mama, pole sana, kumbe kijana..."

"Usinipe pole. Una ngazi hapo?"

"Ninayo."

"Panda. Rudisha jina."

Tumesikia kishindo cha ngazi ikiegemezwa ukutani.

Brandon ameitwa sebuleni. Mama yako amemwambia mbele ya wote, "Baba yako alikaza mrija sawasawa. Babu yako huyu alitia risasi mbaya ndani yake. Jumatatu uwaambie." Mtoto akamtazama baba mkubwa, akauliza, "Ni kweli, babu?" Brandon alingoja jibu muda mrefu kuliko mtu mzima yeyote angeweza kungoja, kisha akarudi kucheza.

Koti ametaka, koti amepewa. Mama yako amemrudishia bila kulifua, jinsi lilivyotoka kwenye gunia. Amekaa nalo magotini sasa hivi tunapoandika, hajui mikono aiweke wapi.

Tangazo hili lilikuwa na jina lake juu ya majina yote, kama desturi inavyotaka. Amemwona Bridget akilisahihisha kwenye simu, akauliza, "Jina langu liko wapi?"

"Nimelifuta," mama yako amesema. "Bridget, tuma."

Wanaokukumbuka ni mama yako Nelima, mkeo Lornah, mwanao Brandon, dada yako Bridget, mama mkubwa Dorca, ambaye ameomba mwenyewe aandikwe peke yake, na mafundi wenzako kwa Walter, ambako jina lako liko mlangoni tangu leo.

Daima tutakukumbuka, Naswa, sisi tuliotajwa.