Taa za Mchana kwa Mama

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini u mzima, na wifi yangu na watoto nao hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoshwa na binadamu, ugonjwa unaoufahamu tangu utoto wetu.

Uliniomba niende kwa Mama nikaitibu nyumba yake ya wageni, maana bili za maji na umeme zinakutoa jasho. Ukasema pia kwamba ufujaji huo usipokoma, utamwondoa Mama na kumweka yule rafiki yako wa kuvaa tai awe msimamizi. Haya, nimekwenda. Kaa chini usome.

Kazi yangu unaijua: nazunguka kwenye gesti ndogo ndogo nikiwafundisha wenyewe wasimwage maji wala kuchoma umeme bure. Wenye gesti ni watu wa ajabu. Mmoja amebandika tangazo kila chumba akiwasihi wageni wahurumie mazingira, huku tangi lake la juu linafurika mpaka ukuta umeota ukoko wa kijani. Nilipomwonyesha, akaniambia maji hayo yanapoza nyumba. Mwingine alinunua hita ya jua kwa mbwembwe, akaifunga kwenye kivuli cha ghorofa la jirani, kisha akalilaumu jua. Watu kama hawa nawafundisha huku nikitabasamu, na jioni mashavu yananiuma.

Kwa Mama nilikuta makubwa zaidi. Mchana kweupe taa zinawaka ukumbi mzima, ngazini zinawaka, hata stoo ya mashuka. Bomba la bafu la ghorofani, lile lililo karibu na ngazi, linadondoka tone baada ya tone ndani ya beseni la bati, kelele tupu. Nilimuuliza mama wa usafi kwa nini halifungwi, akajibu kwamba amekatazwa. Nikamwona mvivu. Mama naye akasema nyumba ya giza hufukuza wageni, na bomba ni bovu. Nililifungua bomba lenyewe, mpira wa ndani mpya kabisa. Nikasema moyoni, mwenye gesti ni mwenye gesti tu, hata akiwa mama yako mzazi.

Basi nikajifanya fundi. Taa za mchana nikazizima zote. Bomba nikalikaza, beseni nikalitupa stoo. Nilijisikia bingwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimesimama ghorofani, pale ngazi zinapoanza kushuka, nikiikagua kazi yangu kwa majivuno. Mama akatoka na mashuka mkononi, bega likigusa ukuta. Alipita mlango wa bafu bila kupunguza mwendo, akaja moja kwa moja kwenye ngazi kama mtu anayejua bado ana sakafu mbele yake. Nilimdaka, mguu wake mmoja ukiwa tayari hewani. Mashuka yakateremka peke yake mpaka chini. Mama akanishika mkono kwa nguvu, akaniuliza, "Nani wewe?"

Mdogo wangu, Mama haoni. Jicho moja limezima, la pili limebakiwa na mwanga kidogo, ndiyo maana ya zile taa. Lile tone ndilo lililokuwa likimwambia bafu liko hapa, ngazi zinafuata. Hivyo ndivyo anavyotandika vitanda na kupokea wageni, na aliyejua ni yule mama wa usafi peke yake. Mimi, mtaalamu wa kuzunguka nikiwacheka watu, nilikula naye meza moja nisione kitu.

Alinisihi nisikwambie. Alisema, "Akijua, ataninyang'anya nyumba kwa huruma. Heri aninyang'anye kwa hasira, nitaweza kumjibu." Nilimwahidi, na sasa ninaivunja ahadi, kwa sababu dharau yako na yangu zilikutana ngazini pale na nusura zimuue.

Taa nimeziwasha, ila kwa balbu zisizokula umeme. Bomba nimeliacha lidondoke, na maji ya beseni yanapigiwa deki. Maji yaliyokuwa yakikutoa jasho yalikuwa yanapotea kwenye choo cha juu, boya la tangi lake limekwama, wala Mama hahusiki. Kwa hiyo rafiki yako abaki na tai yake. Wewe njoo tumpeleke kwa daktari wa macho, maana mimi amenikatalia, na wewe ndiye kipenzi chake, ingawa sijui kwa lipi.

Nisalimie wifi na watoto, wabusu wadogo kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, anasema hajambo kabisa.

Ukifika, usisimame mlangoni ukitabasamu kama ulivyozoea, ukingoja afurahi kukuona. Sema ni wewe.

Ni mimi dada yako