Ukurasa wa Sitini na Tatu

Leeuwarden,
12 Novemba

Kwa kaka yangu mpendwa Harmen,

Pokea salamu zangu huko Esbjerg, wewe na wifi yangu Sietske. Natumaini mgongo umetulia tangu walipokuondoa kwenye kazi ya kupanda minara ya upepo, na kwamba Sietske ameshakijua Kidenishi kiasi cha kuweza kugombana na majirani. Mimi sijambo. Baba naye hajambo, isipokuwa goti, ambalo anadai linaumizwa na ngazi za jengo alilohamia Dokkum, ingawa jengo lina lifti.

Umezoea nikupigie simu. Safari hii nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu una tabia ya kunisamehe kabla sijamaliza kusema, na hili nataka ulipate lote.

Kitabu kimetoka. Kinaitwa Zizi, kina picha themanini na moja, na kimechapwa nakala mia sita. Unakumbuka nilivyokuwa nakuja shambani Holwerd kila Ijumaa na kamera, ukinitania kwamba ng'ombe wamenizoea kuliko mume niliyeachana naye. Picha zote zimetoka katika Ijumaa hizo, pamoja na ile Jumanne ya Machi mwaka juzi walipokuja kuwachukua. Mchapishaji wangu, Bwana Terwindt wa Amsterdam, alizitandaza sakafuni kwake zikiwa ndogo kama karata, akatembea katikati yake kwa soksi wiki nzima, akihamisha hii na kuondoa ile. Hakuna anayeongea wakati anafanya hivyo. Hata mbwa wake hutolewa nje.

Nakala za kwanza ziliponifikia mwezi wa tisa, nilimpelekea Baba moja. Nilipaswa kumwonyesha mapema zaidi, kabla ya kuchapa, lakini sikufanya hivyo. Alinawa mikono, akavaa miwani, akanimiminia kahawa na kunipa biskuti moja, kisha akafunga kopo kama ilivyo desturi yake. Akaanza kufungua kurasa. Picha za uso wake hakuzijali kabisa. Penye ng'ombe ndipo aliposimama, hata kama ni mgongo tu unaoonekana, akasema huyu ni Klaske, huyu ni binti wa Bontje, huyu alikuwa mkaidi tangu ndama. Alinikosoa mahali pamoja kwamba nimeweka picha ya Aprili kabla ya ile ya Februari, kwa kuwa ameona urefu wa nyasi. Nikamweleza kwamba ni kwa makusudi. Akasema nyasi hazina makusudi.

Halafu akafika ukurasa wa sitini na tatu.

Ukurasa huo hujauona, Kaka, kwa hiyo nakueleza. Ni chumba cha kukamulia, siku ile ya Jumanne, lori la mwisho likiwa limeshaondoka. Umeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, paji la uso umelibana kwenye tangi tupu la maziwa. Unalia. Kofia yako umeiuma kwa meno ili usisikike nje.

Unajua Baba alivyoichukua siku ile. Wewe ndiye uliyemshawishi akubali mpango wa serikali wa kununua mashamba ya ng'ombe ili yafungwe, wewe ndiye uliyetia saini pamoja naye, na wewe ndiye uliyesimama getini na karatasi ukiwahesabu ng'ombe mmoja mmoja wakipanda lori, huku ukitaniana na dereva kuhusu mpira. Tangu jioni hiyo alisema jambo moja tu juu yako, na amelirudia kwa kila aliyemuuliza: “Aliwahesabu kama viazi.” Ulipohamia Denmark akaona kama umethibitisha maneno yake.

Aliutazama ukurasa ule mpaka kahawa yangu ikapoa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema, si kwangu, “Kumbe na yeye.”

Akauliza kama ulijua kwamba nakupiga picha. Nikasema hapana. Akauliza kama umeshaiona. Nikasema hapana. Akakifunga kitabu, akaweka mkono juu yake.

“Mtoe,” akasema. “Alijifungia humo ili asionwe. Huwezi kumtembeza mtu namna hii madukani.”

Nikamweleza kwamba vitabu vimeshachapwa na kushonwa, viko ghalani. Akasema yeye amewahi kutoa ndama aliyekaa vibaya tumboni kwa mikono yake mitupu, na karatasi haiwezi kuwa ngumu kuliko hapo. Lakini nilipoinuka kuaga, alikifungua tena kile kitabu, akachukua kisu cha kumenyea viazi, akaukata ukurasa polepole kwenye mshono. Kitabu akanirudishia. Ukurasa akabaki nao.

Bwana Terwindt nilimwambia kesho yake. Hakupaza sauti. Alisema kitabu kizima kimelala juu ya picha ile, na kuitoa ni kung'oa mguu mmoja wa kitanda. Alisema mzee ataghairi, wazee huwa hivyo. Alisema pia kwamba wewe ni mtu mzima na hujalalamika. Nikamjibu kwamba hujalalamika kwa sababu hujui. Tukabishana siku tatu, kwa adabu, kama wanavyobishana watu wanaojua kwamba hawatafanya kazi pamoja tena. Mwishoni alikubali kwa sharti moja: nikate mwenyewe, na nikiharibu nakala ni juu yangu.

Nilikata kwa siku nne. Fundi wa kujalidi vitabu, mama mmoja anayeitwa Geesje, alinionyesha jinsi ya kulaza wembe na kuacha ukingo mwembamba wa karatasi upande wa mshono, vinginevyo ukurasa mwenzake ungelegea na kudondoka. Nyuma ya picha yako tulikuwa tumeacha weupe, kwa hiyo hakuna kingine kilichopotea. Geesje aliniuliza mara moja tu huyo bwana ni nani. Nikasema ni kaka yangu. Akasema, “Basi kata vizuri,” akaendelea na gundi yake. Kurasa zote zilisagwa nikiona kwa macho yangu, isipokuwa ile ya Baba na hii iliyomo katika bahasha. Filamu yenyewe nimeiweka pamoja nayo. Ni mali yako, ifanye utakavyo.

Kitabu kinakwenda vizuri. Katika maonyesho ya Rotterdam watu walipitisha kidole kwenye ule ukingo na kuniuliza hapa palikuwa na nini. Nilisema palikuwa na picha. Mwandishi mmoja wa gazeti amesifu ukurasa uliokatwa kuliko picha zote themanini zilizobaki. Ameandika kwamba ni ishara ya kile ambacho kilimo chetu kimepoteza. Bwana Terwindt amenitumia makala hayo bila neno lolote.

Sasa jambo lililonifanya nikae kuandika.

Baba anadhani niliigundua picha ile mwaka huu, nilipokuwa nachagua za kitabu. Mimi ndiye niliyemwacha adhani hivyo. Si kweli. Jumanne ile nilikuwa nimeingia kufuata glavu za Baba. Nilikuona nikiwa mlangoni. Nilirudi nyuma hatua mbili, si ili nikuachie faragha, bali ili ukingo wa tangi uingie kwenye picha. Nilipiga tisa. Kisha nikampelekea Baba glavu zake, naye akaniambia kwa mara ya kwanza kwamba uliwahesabu kama viazi. Sikusema kitu.

Wiki hiyohiyo filamu ilisafishwa, nikamwonyesha Bwana Terwindt. Akaniambia nisimwonyeshe mtu yeyote mpaka kitabu kitoke, kwa sababu picha ikishazungushwa huchuja. Ushauri huo niliupenda. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilimtii yeye, lakini Baba si gazeti, na hakuna aliyenikataza kumwonyesha baba yangu. Nilitaka aione ikiwa kitabuni, kwa karatasi nzuri, na nilitaka kuwepo aione. Ndiyo maana sikumletea kabla ya kuchapa. Nilijua angesema nini.

Mwezi wa tano mwaka jana, mwanao Nynke alipoolewa, ulikuja mezani kwangu, ukaniuliza kwa nini Baba hakuja. Nikasema ni goti. Nynke alikuwa amemwekea babu yake kiti na kipande cha mkate wa sukari, na mpaka mwisho hakuruhusu kiti kiondolewe. Picha ilikuwa kwenye simu yangu, ndani ya mkoba, chini ya meza tuliyokuwa tumekaa. Miezi kumi na minne nilikuwa nayo wakati huo. Ilihitaji dakika moja tu, sebuleni kwa Baba, wakati wowote.

Sikuombi chochote katika barua hii. Jumapili nitakwenda Dokkum kumwambia Baba yote niliyokuandikia, kwa hiyo utakapokuwa unasoma haya atakuwa ameshajua. Huenda asitake tena kuniona, na atakuwa na haki. Kuhusu wewe, ameniambia nisikusemee wala nisimsemee. Anaona haya, na haya yake unaijua. Kila ninapokwenda, simu imesogea karibu zaidi na kiti chake.

Nisalimie Sietske, na Nynke na mumewe. Mwambie Nynke kwamba nimepata habari za ujauzito kwa dada wa Sietske, na kwamba nimefurahi, ingawa naelewa kwa nini sikuambiwa moja kwa moja. Vaa vizuri, baridi ya huko ina upepo wa bahari.

Namba ya Baba ni ileile ya shambani. Alihama nayo.

Ni mimi mdogo wako,
Jeltje