Breki za Baba na Mtani Wake

Jumatatu, 3 Juni 1957

Baridi. Maji ya mtungi yalikuwa kama barafu. Nimefagia, nimepasha uji, nimefuta vioo vya gari kwa gazeti lenye maji. Kisha shule. Hesabu za mafungu nimepata zote. Mwalimu aliuliza nani kapata zote, sikunyoosha mkono. Ndivyo nilivyo, sijipendi kwa hilo.

Jioni Baba amerudi kutoka Ruaha Mbuyuni na shehena ya vitunguu. Nimemwona akikanyaga breki mara tatu kabla gari halijasimama mlangoni. Mama naye ameona. Baba amesema gari limechoka kidogo, litatengenezwa Mbeya.

Kila kitu Mbeya. Alilinunua huko mwaka jana, kwa wakala wa kampuni, na meneja Mzungu akamwambia kwamba fundi mwingine akiligusa, wao hawatalipokea tena. Alimwambia hayo huku amemshika mkono mbele ya watu. Nadhani Baba hakusikia kingine baada ya ule mkono. Basi hata kubadilisha oili ni safari ya siku mbili, vumbi la Nyololo na Chimala, kwenda na kurudi. Na Fundi Ngonyani yuko hapa hapa Miomboni. Nikiita kwa nguvu atasikia. Lakini mimi siiti kwa nguvu.

Jumanne, 4 Juni

Fundi Ngonyani amepita na mbwa wake. Yeye ni Mngoni, sisi Wahehe, kwa hiyo ni mtani wa Baba, na hawajawahi kuongea kama watu wengine. Akimwona Baba, Fundi humbeba mbwa begani, asije akaliwa, maana eti Wahehe hula mbwa. Baba humwita mateka, kwa vita vya mababu zao. Mimi Fundi ananiita mke wangu tangu nikiwa mtoto, na mpaka leo uso unaniwaka moto.

Amelala chini ya gari bila kuombwa. Ametoka na kidole kimelowa mafuta ya breki. Gurudumu la nyuma linavuja, na kule mbele, chini ya pedali, mpira unaozuia mafuta umeoza. Akamwambia Baba:

"Mhehe, mteremko wa Ipogolo ukikuacha hai, mimi nakula jeki yangu. Niachie siku mbili, nitoe mpira kwenye lori bovu lililo kwangu. Ama usiniachie, nije nile ng'ombe wako msibani."

"Ng'ombe wangu haliwi na mateka," Baba akajibu.

Walicheka wote. Majirani pia. Mama hakucheka, mimi sikucheka.

Jumatano, 5 Juni

Baba alikwenda posta kupiga simu Mbeya. Amerudi ametulia. Karani wa gereji amemwambia kwamba kipuri kimeagizwa Dar es Salaam, gari ni salama, aje Jumatatu, aendeshe polepole. Baba ameyarudia maneno hayo kama anasoma tangazo. Gari ni salama.

Huyo karani hajaliona gari. Aliyeliona alilala chini yake kwenye vumbi. Lakini karani hakucheka aliposema.

Nimejaribu kusoma jiografia. Sikuelewa ukurasa hata mmoja.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimefanya jambo ambalo sijawahi. Baada ya shule nimekwenda kwa Fundi Ngonyani peke yangu. Karakana yake ni bati tatu na shimo, ardhi nyeusi kwa oili. Aliponiona akapiga kelele kwamba mke wake amekuja mwenyewe, mahari imesamehewa. Mafundi wenzake wakapiga makofi. Nilitaka kurudi. Sikurudi.

Nilimwuliza kama yale maneno ya breki yalikuwa utani.

Akafuta mikono muda mrefu. Akasema si utani. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema kama mtu mzima. Nilisema hivyo, mimi. Hakukasirika. Alisema Baba na yeye wana miaka kumi na miwili ya kutukanana, na katika hiyo miaka hawajawahi kuambiana neno lisilo na kicheko. Baba alipofiwa na mama yake, yeye ndiye aliyekuja kuwachekesha waombolezaji. Akimjia leo na uso mkavu, Baba atadhani amemkosea.

"Mwambie wewe, mwanangu. Wewe huna utani naye."

Hilo "mwanangu" lilinitisha kuliko kidole chenye mafuta.

Nimemwambia Baba wakati wa ugali. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yakatoka yote kwa mpigo. Baba amecheka. Amesema Mngoni huyu ni hodari, sasa anatuma hata watoto wangu. Amenipapasa kichwa. Sijawahi kuchukia mkono wake kama leo.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi amekuja mwenyewe jioni. Bila mbwa. Amevaa koti na kofia ya kanisani, ameivua mlangoni. Ameketi ukingoni mwa kiti, akasema, "Ndugu, nakuomba, usiliondoe gari. Nitalitengeneza bure. Wale wa Mbeya usiwaambie. Kama ni lazima uende, panda basi."

Baba alimtazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka machozi. Alimwita Baba mdogo kutoka nyumba ya pili aje aone Mngoni alivyojua kuigiza mchungaji. Akasema hii ndiyo kali kuliko zote, tangu ile ya mbwa.

Fundi alisema tena, sauti chini zaidi. Baba akacheka zaidi.

Mama alisema, "Baba Debora, msikilize mwenzio." Baba akamwambia yeye kwao Ubena, hajui mambo ya Wangoni.

Halafu Fundi akasimama, na midomo ikamcheza. Nikaona anashindwa. Amesema, "Haya, Mhehe, ng'ombe nitachagua mwenyewe." Ikaisha hivyo. Amezoea, na Baba amezoea, na kile kicheko kikawameza wote wawili. Nimemchukia Fundi kwa sentensi ile moja kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Wamepakia vitunguu gizani. Asiende Mbeya mikono mitupu, amesema Baba; atatoka kesho, aviuze huko kwanza, Jumatatu awe gereji.

Jumamosi, 8 Juni

Hakufika hata Ipogolo.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna cha kuandika. Nyumba imejaa watu. Wananishika shika.

Jumatatu, 10 Juni

Nitaandika ili nisisahau vibaya.

Alitoka alfajiri akiwa peke yake. Aliposhuka kutoka mjini, kwenye kona ya pili ya mteremko gari likamkimbia. Wanawake waliokuwa wakipanda na kuni walimwona anapiga honi na kuwapungia watoke. Wametoka wote. Gari likaenda bondeni kabla ya daraja. Vitunguu vilitapakaa hadi mtoni, na watu waliviokota. Nimeambiwa vingine viliuzwa sokoni jana. Labda tumevila msibani, sijui.

Tumemzika leo, upande wa Kalenga, kwao. Watani ndio wachimbao kaburi, na Fundi Ngonyani alichimba toka asubuhi, hakumwachia mtu jembe. Watu walikuwa wakimngoja. Kila msiba mtani ndiye anayevaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake, anadai alipwe, na watu wanapumzika kulia. Wazee waliketi tayari kucheka. Hakufanya lolote. Baba mdogo akamfuata na kofia ya Baba mkononi, akamwambia, "Mtani, mbona hivi? Tuchekeshe kidogo, wafiwa wamechoka."

Fundi akasema, "Mimi nilishamaliza." Akarudi kwenye udongo.

Wengine wamenung'unika kwamba Mngoni huyu hana adabu, amemzika mtani wake kama amemzika mgeni. Nimewasikia. Ningeweza kuwaambia. Nilikuwa nimesimama pale pale, sikusema.

Mchungaji amesema ni mapenzi ya Mungu. Sikuitikia amina. Mungu hajaagiza kipuri Dar es Salaam.

Jumatano, 19 Juni

Dereva wa basi la Mbeya amesimama mlangoni leo, ameleta salamu za gereji. Kipuri kimefika. Wanamwuliza Baba mbona hakuja Jumatatu ile.

Mama amemkaribisha chai. Dereva hakujua. Alipojua, akaweka kikombe chini. Nilimwonea huruma, nikakasirika kwa kumwonea huruma.

Nawaza. Karani alisema uongo kwa sauti nzuri. Fundi alisema kweli kwa sauti mbaya, na alipoipata sauti nzuri ilikuwa imechelewa miaka kumi na miwili. Baba alichagua sauti. Na mimi je, sauti yangu ni ya namna gani? Ya mtoto anayepapaswa kichwa.

Nimewachukia wote wanne. Nikishamaliza kuwahesabu nabaki namlilia Baba tu.

Alhamisi, 27 Juni

Gari limeburutwa na kuletwa uani. Baba mdogo anataka kuliuza kama chuma. Kampuni haijauliza tena. Nimerudi shule. Mwalimu aliuliza swali, nikanyoosha mkono. Sijui kwa nini. Darasa zima liligeuka kunitazama, nikajibu, nikakaa.

Jumapili, 30 Juni

Baada ya ibada nimekuta Fundi Ngonyani uani, amelala chini ya gari. Mbwa amekaa pembeni, hajafungwa popote. Mama alimwona, hakumfukuza.

Alikuwa anafunga mpira wa breki. Mpya, sio wa lori bovu. Gari lenyewe limepondeka mbele, usukani umekwenda upande, haliwezi kwenda popote tena. Nilimtazama akikaza mpaka mwisho. Kisha akaniomba niingie upande wa dereva, nikanyage.

Mlango haufunguki, nimepita dirishani na gauni la kanisani. Nikakanyaga. Pedali ilisimama juu, ngumu, kwa kukanyaga mara moja tu.

Akatoka chini. Akafuta mikono. Nilingoja aniite vile anavyoniita siku zote, nikajikuta naomba aniite hivyo, pamoja na aibu yake yote.

"Asante, Debora," alisema.

Akachukua jeki yake, akaenda. Mbwa akamfuata kwa miguu.